Maji ya Mwaka Ishirini na Moja

Jumatano, saa kumi jioni, Helena alikuwa sebuleni anachambua maharage kwenye ungo, ndipo picha ya ukutani ilipoanza kuvuja. Tone la kwanza lilidondokea kochi. Akalisogeza kochi, akaweka sufuria, akaendelea na maharage yake. Sufuria ilipojaa aliweka ndoo, kisha akampigia simu aliyeipiga ile picha.

"Mwanangu, picha yako inavuja," alisema. "Ukipata nafasi pita uiangalie."

Romana alikuwa mjini, kwenye studio yake ndogo pale Makanyagio, anamkatia mteja picha za pasipoti. Alidhani kioo hakikuzibwa vizuri. Kesho yake asubuhi alinunua gundi ya silikoni, akapanda bodaboda mpaka Kasokola.

Pasipoti ndizo zilizomlisha, lakini kazi aliyoihesabu kuwa yake ilikuwa mandhari: miombo inapotoa majani mekundu, mbuga inapojaa maji, ukungu juu ya kijito cha Kalovya. Mwaka elfu mbili ishirini na moja alikaa kwa Mzee Ponsian na mkewe Helena karibu mwezi mzima, akivizia mwanga kwenye lindi la viboko, pale kijito kilipokuwa na kina. Familia ile ndiyo ilikuwa inakilinda kijito. Ponsian alitundika mizinga ya nyuki ukingoni kote ili wakata miti waogope kusogea. Helena aliotesha miche na kuipanda. Binti yao Queen, ambaye wakati huo alikuwa darasa la saba, alipima kina cha maji kila asubuhi kwa fimbo na kukiandika kwenye daftari. Siku ambazo mwanga ulikuwa mbaya Romana aliwapiga picha wao, bila kuwapanga, bila kuwaambia wacheke. Ilikuwa namna ya kupitisha muda. Moja aliisafisha, akaitia fremu, akawaachia kama shukrani. Wote watatu wamesimama kwenye maji hadi magotini, wanaosha ndoo za asali, na kichwa cha Ponsian kimekatwa nusu.

Mwaka huu, mwezi wa tano, mwenye shamba kubwa la mpunga kule juu aliinua tuta la udongo na mawe, akakikatiza kijito. Mwezi wa sita Ponsian aliandika malalamiko na kuyapeleka mjini mwenyewe. Mwezi wa nane ulipoanza, Kalovya ilikuwa mchanga, na viboko sita walilala kwenye tope linalokauka, wamegandana. Mwisho wa mwezi walibaki wanne.

Romana aliishusha picha, akapitisha gundi pande zote nne, akaitundika tena. Maji yakapita juu ya gundi. Akachovya kidole, akaonja. Yalikuwa ya baridi, yana ladha ya majani yaliyolowa.

"Sio gundi," alisema.

"Nilijua," Helena alijibu. "Hayo ni ya Kalovya. Nimeyafulia miaka thelathini."

Queen alileta dumu la lita ishirini, akashika simu kuhesabu muda. Likajaa kwa dakika tatu. Ponsian aliporudi kutoka kwenye mizinga, alivua kofia, akayatazama maji kwa muda, akasema utaratibu: kwanza nyumba, halafu majirani, halafu viboko. Jirani yao Monika alikuja na madumu manne na akauliza jambo moja tu, kama foleni inaanzia mlangoni au dirishani.

Romana alirudi mjini, akaandika kwenye karatasi kwamba studio imefungwa, akaibandika mlangoni. Alirudi Kasokola na picha yake kubwa kuliko zote: lindi lile lile alfajiri, halina mtu, ukungu umekaa sawasawa. Picha hiyo ilishawahi kutundikwa ukumbini kwenye maonyesho na watu wakaipigia makofi. Aliitundika kando ya ile ya ndoo. Ilikaa siku mbili, kavu. Akailaza uvunguni, akashika dumu na kufuata wenzake lindini. Ni mwendo wa robo saa. Viboko walijua milio ya madumu, wakawa wananyanyua vichwa mapema.

Wiki ya tatu ya mwezi wa tisa alikuja afisa wa maji, kijana mpole aitwaye Edgar, kushughulikia malalamiko ya mwezi wa sita. Helena alimpa maji kwenye kikombe. Akanywa, akashukuru, akauliza yametoka wapi. Wakampeleka sebuleni. Edgar alichutama, akatega dumu, akatazama saa, akaandika.

"Chanzo kipo," alisema. "Kinatiririka vizuri tu."

"Bwana afisa," Ponsian alisema, "hayo ni maji ya mwaka ishirini na moja."

"Mzee wangu, fomu haina sehemu ya mwaka wa maji. Inauliza kama yapo."

"Mimi nimelalamikia tuta."

"Tuta lina kibali, na kibali kinasema watu wa chini wasikose maji. Nyie hamjakosa." Alifunga faili, lakini hakusimama. Alionekana kama mtu anayeonewa na kalamu yake mwenyewe. "Ningekuta huu ukuta mkavu ningeandika vingine. Nina safari ya huku tena Ijumaa."

Edgar aliondoka. Romana ndiye aliyeanza kusema.

"Mzee, naweza kuondoka nayo. Nikae nayo Makanyagio mpaka Jumamosi, basi."

"Siku tatu," Helena alisema.

"Siku tatu tu, Mama Queen. Akute pakavu, aandike ukweli. Kwani sio kweli kwamba kijito kimekauka?"

Queen, ambaye alikuwa anafunga vifuniko vya madumu, alisema bila kugeuka, "Dada Romana, yule mdogo hamalizi siku tatu." Alimaanisha kiboko mchanga aliyezaliwa mwezi wa tatu.

Ponsian alikaa na mikono juu ya magoti. Maisha yake yote aliamini karatasi ikiandikwa vizuri inafika. Mwishowe alisema, "Mtoto wa Monika nimwambie nini? Asubiri Ijumaa? Hapana. Iacheni hapo. Barua nitaandika nyingine."

Ijumaa Edgar alikuta foleni ya watu kumi na wawili. Aliandika kwamba hali imeimarika.

Siku chache baadaye Romana aligundua kwamba kwenye picha maji yameshuka. Magoti ya wote watatu yalikuwa nje, kisha vifundo, kisha wakawa wanaosha ndoo juu ya mchanga. Ukuta ukakauka saa sita mchana. Alifungua kompyuta yake, na faili la picha ile nalo lilionyesha mchanga badala ya maji. Hakumwambia mtu. Alipanda bodaboda hadi studio, akasafisha nyingine ya mwaka ule, Queen akiwa na fimbo yake, akarudi nayo kabla jua halijazama. Ikatiririka.

Alikuwa na tisa kwa jumla pamoja na ile ya ndoo, na kila moja baada ya hiyo ilidumu siku saba au nane. Alizileta moja moja. Ponsian akinawa uso. Helena akipita na miche kichwani. Queen akilala juu ya gogo, mguu mmoja majini. Kila iliyokwisha ilibaki na watu walewale, wana nyuso zilezile, wanafanya kazi zao kwenye mchanga, na Helena alizipanga zote juu ya kabati. Barua ya pili ilipelekwa, ikajibiwa kwa kurejea jibu la kwanza. Ponsian akaandika ya tatu.

Katikati ya mwezi wa kumi na moja mvua ilikuwa haijanyesha, na ya nane ikakauka. Ya tisa ilikuwa kwa Romana, ukutani juu ya meza yake ya chakula, miaka yote hiyo. Hakuwahi kuwaonyesha. Ndani yake Helena anamrushia mumewe maji kwa mikono miwili, na maji bado yako hewani, na Ponsian, ambaye hacheki ovyo, amefungua mdomo wote anacheka. Romana aliishusha, akaifunga kwenye kitenge.

Helena aliifungua, akaitazama sana.

"Kumbe alikuwa na meno yote," alisema.

"Mama Queen, ikishakauka hairudi ilivyokuwa."

"Najua, mwanangu. Itundikeni."

Kule juu mpunga ulikuwa umefika kiunoni, kijani kibichi, na nyuma ya tuta ndege weupe walikuwa wanaogelea. Ponsian alipanda kwenye stuli, akagonga msumari mpya, akaitundika picha na kuinyoosha. Maji yaliyokuwa hewani yakamfikia usoni na kifuani. Alisimama hapo, shati limelowa, macho ameyafumba. Kisha akajipangusa kwa kiganja, akashuka, akamwambia mkewe alete dumu.