Diski Thelathini na Tatu Kwenye Kamba ya Nguo

Je, sauti ya marehemu ni mali ya nani: ya yule aliyeirekodi, au ya wote wanaoitambua? Niliandika swali hilo katika daftari langu la mihadhara Ijumaa asubuhi, nikalipigia mstari mara mbili, kisha nikabaki nikilitazama kama mtu aliyepewa mtihani wa somo asilolisoma.

Chanzo cha swali kilikuwa Baba. Kwa miaka ishirini alikuwa mpiga video wa mtaa wetu, hata watu wakalisahau jina lake na kumwita Mzee Kamera. Kazi zake bora zilikuwa katika diski kubwa kumi na moja, kila moja ikibeba gigabaiti ishirini na tano, na kila moja ikiwa peke yake duniani. Baba hakuandika kitu juu ya diski zenyewe, kwa kuwa aliamini kwamba diski haiandikwi usoni. Majina aliyaandika kwenye bahasha za karatasi, bahasha akazipanga katika sanduku la bati, na sanduku likaishi chini ya kitanda chake.

Moja kati ya hizo ilikuwa diski ya Bibi, mama yake mzazi. Hatukuwa na sauti nyingine ya Bibi popote. Na ukingo wa diski hiyo ulikuwa umeanza kuota weupe, kama mkate uliosahauliwa.

"Tuzinakili, Baba," nilimsihi. "Nakala mbili kwa kila diski. Kitu kisicho na nakala kimekwisha kupotea, ila bado hakijatuaga."

"Nakala ni kivuli," alijibu. "Nani amewahi kukalia kivuli cha kiti?"

"Mwache mtoto afanye, kaka," alisema Shangazi, dada yake, aliyekuwa amekuja kutusalimia kwa siku moja na hiyo ikiwa wiki ya tatu. "Sauti ya mama ikipotea, utamsikiliza nani akikutukana? Mimi nimechoka kumwakilisha."

Baba alikubali, kwa sharti moja: diski ya Bibi ikipatwa na lolote, nisiguse tena kitu chake chochote. Nilikubali kwa uzito wa mtu anayekula kiapo mahakamani.

Nilikuwa na kompyuta ya mkononi, kifaa cha kuchomea diski nilichoazimwa chuoni, na meza moja tu iliyokuwa karibu na umeme. Meza hiyo ilikuwa ya Mama, naye ni fundi cherehani. Cherehani ilipokimbia, meza ilitetemeka, na meza ilipotetemeka, uandishi wa diski uliharibika. Kwa hiyo tulitunga ratiba. Kwa dakika arobaini diski ilipokuwa ikichomwa, Mama alishona vifungo na kupinda mapindo kwa mkono; nilipoitoa diski, nilipaza sauti, "Ruhusa!" na cherehani ikafyatuka kama farasi aliyefunguliwa.

"Yaani katika nyumba yangu napewa ruhusa ya kushona," Mama alilalamika.

"Shona polepole, wifi," Shangazi akamwambia. "Wateja wako watadhani umeanza kuwa makini."

Diski ya Bibi nilianza nayo. Kifaa kilikwama mara mbili, kikaguna, na mara ya tatu kikaisoma hadi mwisho. Nilirukaruka pale nilipokuwa nimesimama. Kwa kuwa kompyuta yangu ilikuwa na nafasi finyu, kila nilipomaliza nakala mbili za diski moja nilifuta yote ili kuipisha inayofuata. Kila nakala niliiandika jina lake juu kwa kalamu nyembamba ya buluu niliyoikuta katika kopo la Mama, kwa mwandiko ambao mhadhiri wangu angeusifu. Jumamosi jioni nilikuwa na nakala ishirini na mbili. Nikazipanga, kwa fahari kubwa, katika sanduku lile lile la bati pamoja na zile za asili.

Naam. Mimi, niliyekuwa nikiihubiria familia nzima juu ya usalama wa kumbukumbu, niliweka kila kitu katika sanduku moja.

Jumapili asubuhi maji ya mtaa, yaliyokuwa yamekatika siku mbili, yalirudi. Mwalimu anayeishi ghorofa ya juu alikuwa ameacha bomba lake wazi, akaenda matembezini. Maji yalijaza bafu lake, yakateremka kupitia dari yetu, yakapita ukutani, yakatafuta kitanda cha Baba kana kwamba yameelekezwa.

"Maji yakimwagika hayazoleki!" Shangazi alilia.

"Haya yanazoleka!" Mama alimjibu. "Shika ndoo!"

Nililivuta sanduku, nikalifungua. Bahasha za Baba zilikuwa zimegeuka uji. Nilichukua nakala iliyokuwa juu, nikatafuta maandishi yangu, nikaona uso mweupe usio na neno. Nikachukua ya pili, kisha ya tatu. Zote zilikuwa safi kama sahani.

"Uliandikia kalamu gani?" Mama aliuliza taratibu.

Nikamwonyesha.

"Mwanangu. Hiyo ni ya kuchorea vitambaa. Imetengenezwa ifutike kwa maji."

Baba alikuwa mlangoni. Kati ya diski thelathini na tatu zinazofanana, Bibi alikuwa tatu: ya asili ingejulikana kwa weupe wake, lakini nakala zake mbili hakuna aliyezijua.

Mama ndiye aliyetusukuma. "Plastiki haifi kwa maji. Zikaushwe kwanza, tulie baadaye." Tukazifuta moja moja kwa vitambaa laini, tukapitisha kamba ya nguo katika matundu yake, tukabana kibanio kila baada ya diski. Upepo mdogo ukapita. Diski zikaanza kugeuka zote kwa pamoja, na ua mzima ukajaa vipande vya upinde wa mvua vikikimbizana kwenye kuta, kwenye ndoo, kwenye paji la uso la Shangazi. Watoto wakaja mbio, na mama zao nyuma yao.

"Mzee Kamera, umeanza kufua sinema?" mtu aliuliza.

Tukaitoa televisheni kibarazani, nikaunganisha kompyuta. Ya kwanza ilipofunguka, bibi harusi alitokea, na mwanamke nyuma yangu akapiga yowe: "Ni mimi! Kiuno kile kilikwenda wapi?" Kuanzia hapo hapakuwa na utulivu. Kila diski ilikuwa na shahidi wake. Mwalimu wa juu alifika akiomba radhi, akakuta kioo kizima kimejaa yeye, kijana, akicheza dansi hadi suruali ikapasuka. Alikaa chini akacheka mpaka akasahau kuomba radhi. Tarehe iliyoonekana kwenye kompyuta ilinionyesha ipi ni ya asili na ipi ni nakala, na nakala niliziandika majina upya, safari hii kwa kalamu ya wino usiofutika.

Ya kumi na nne haikusomeka kabisa. Weupe ulikuwa umekula ukingo wake, nasi tulijua ni ipi. Baba aliishika mkononi, akaigeuza, akainama. Niliingiza ya kumi na tano. Mahafali. Ya kumi na sita, mtoto anaoga. Ya kumi na saba. Ya kumi na nane.

Ya kumi na tisa ilionyesha kiti, ukuta, na sauti kali iliyotangulia uso: "Wewe mtoto, hicho kidude kinakula umeme wa nani?"

Shangazi alikumbatia televisheni. Baba alicheka kwa namna ambayo sikuwahi kuisikia, huku machozi yakimtoka, na ua wote ukacheka naye, kwa kuwa karibu kila mtu pale aliwahi kukaripiwa na sauti hiyo. Mzee mmoja alinyoosha hata shati lake.

Tulipomaliza zote, Baba alijifuta uso, akalivuta sanduku lililokauka. "Haya, zirudisheni ndani. Nitalifunga kwa kufuli."

Nilisimama mbele ya sanduku.

"Hapana, Baba," nilisema, kwa sauti ambayo kila mtu uani aliisikia. "Za asili ni zako, zitabaki kwako. Lakini nakala hazilali tena chini ya paa hili. Kila familia itaondoka leo na nakala moja ya diski yake. Ya Bibi moja ataichukua Shangazi kwake, na za pili zote nitazipeleka mimi maktaba ya chuo kesho asubuhi."