Maji ya Pipa Kubwa

Majirani walimwita Bwana Vijidudu, na hawakumwita hivyo kwa heshima. Jioni ile alitoka katikati ya ngano yake suruali imegeuka rangi ya chungwa, kuanzia magotini kwenda chini. Ukitoka shambani na unga wa namna hiyo kwenye nguo, huna haja ya kuuliza mtu: kutu imeingia, ule ukungu unaokula majani ya ngano mpaka punje ibaki ganda tupu. Alilitua bomba la kupulizia, akakaa kwenye ngazi ya mlango, akakosa hata nguvu ya kutukana.

Alikuwa mtu wa kilimo hai, dawa za viwandani hataki hata kuzisikia. Dawa yake ilikuwa unga wenye vijidudu. Unaukoroga kwenye maji, unasubiri jua lipoe, unapulizia, navyo vinakaa juu ya majani na kupambana na ukungu kabla haujashika. Msimu uliopita vilifanya kazi ya kueleweka. Hata jirani mwenye trekta alikuja kuchungulia, akijifanya anatafuta mbuzi wake. Msimu huu alipulizia, akarudia, akarudia tena, kutu ikanawiri kana kwamba anaimwagia mbolea.

Na msimu huu ulikuwa wa mwisho. Ndivyo walivyokubaliana na mkewe, Mama Pacha: ngano ikiharibika, shamba linakodishwa kwa jirani huyo huyo wa trekta, na yeye mwenyewe anarudi kuendesha lori. Tangu aanze mambo ya vijidudu, mkewe ndiye aliyeilisha nyumba. Alikuwa msafishaji wa zahanati, akipiga deki zamu mbili, na hakuwahi kulalamika. Afadhali angelalamika.

Alijikokota hadi kwenye pipa kubwa lililokinga maji ya mvua chini ya paa, maji yale yale aliyokorogea dawa yake. Akainama kunawa uso, akasita. Akanusa viganja. Akanusa tena.

Klorini. Harufu ya zahanati, ambayo mkewe alirudi nayo kila jioni kwenye nguo na nywele, mpaka pua yake ilishaizoea na kuiona ni harufu ya nyumbani. Kwenye mafunzo ya kilimo hai, alikokwenda na mkewe, waliambiwa waziwazi: maji yenye klorini yanaua vijidudu kabla havijatoka hata nyumbani. Msimu mzima alikuwa akibeba maiti mgongoni.

Mama mkwe, aliyekaa nao akiwaangalia pacha, alikuwa anakuja na ndoo.

"Mama, haya maji yametiwa nini?"

"Dawa ya maji, baba. Tangu pacha walipougua tumbo. Mwanzo nilikuwa natia kwenye ndoo ya kunywa tu, lakini watoto wale nao! Nimewafuma hapa hapa kwenye pipa wanakunywa kwa viganja. Nikasema basi, kila likijaa natia." Akatabasamu. "Umesikia tena mtu analia tumbo humu ndani?"

"Sijasikia, mama."

Utamkaripia vipi mama mkwe kwa kosa la kuwaponya wanao? Akampokea ndoo, akamchotea, akarudi kukaa. Kisha taratibu furaha ikaanza kumpanda. Dawa haikushindwa! Haikupewa hata nafasi. Kumbe ni pipa tu, na pipa linanunulika jingine, lenye kifuniko. Mkewe akisikia haya hatakuwa na la kupinga.

Mama Pacha alirudi, akakaa kando yake, akavua viatu. Mumewe akamweleza yote kwa haraka, maneno yakigongana. Mkewe hakushtuka. Aliendelea kujikanda nyayo.

"Ulikuwa unajua," mumewe akasema.

"Siku ya kwanza mama anatia, nilikuwa dirishani. Nilimwona."

"Lakini kule kwenye mafunzo..."

"Baba Pacha, kule mimi ndiye niliyenyoosha mkono nikauliza kwa nini tusitumie maji ya bomba, wakasema yana klorini. Sijasahau."

"Sasa mbona ulinyamaza?"

Mkewe alivisogeza viatu pembeni. "Nilisema nitakwambia jioni. Jioni nikapitiwa na usingizi. Kesho yake nikawaza, akishinda huyu, ni mwaka mwingine tena mimi na deki. Sikukutakia mabaya. Nimechoka, mume wangu. Nimechoka tu."

Mumewe alipandwa na hasira. Alitaka kupiga kelele, ila hakujua ampigie nani. Akaitazama mikono ya mkewe, ngozi imechunika kwa sabuni, na miguu iliyovimba ikabaki na alama za viatu. Alikuwa anaikagua ngano yake jani kwa jani, juu na chini, asubuhi na jioni. Mikono ile hakumbuki aliitazama lini.

Matone yakaanza kudondoka. Muda si muda paa likawa linamimina, na sauti ya mama mkwe ikaja kutoka upande wa pipa.

"Baba! Ulivyoniuliza umenitia wasiwasi. Likijaa nitie dawa, au safari hii niache?"

Mama Pacha akainua kichwa, akamtazama mumewe. Mumewe alijua kwamba akijibu "acha", hatapingwa. Kesho alfajiri mkewe ataamka, atavaa viatu vile vile, na ngano itapandwa tena.

"Tia, mama," akaitikia. "Tia kama kawaida. Mimi narudi kwenye lori."

Ilimuuma kama alivyotarajia. Asichokitarajia ni kwamba mabega yake yalishuka, kama vile ameambiwa apumzike, naye akaona haya. Mama Pacha alijifunika uso kwa kanga, akalia bila sauti. Mvua ilikuwa inaanza kurukia ngazi. Akaviokota viatu vya mkewe, akaviingiza ndani visilowe.