Vigae vya Mama Mkwe

Mjini walimwita Milimita, kwa sababu alikuwa fundi vigae asiyevumilia kigae kimpite mwenzake hata kwa unene wa ukucha. Bafu alizotengeneza zilinyooka kiasi kwamba wenyewe waliona haya kuziacha na maji sakafuni. Katika miaka kumi na minane ya kazi alikuwa ameweka sakafu mbovu moja tu, na hiyo moja akaenda kuiweka kwa mama mkwe wake.

Nyumba ya mama mkwe ilikuwa ya ghorofa: chini saruji, juu mbao. Mbao hizo alizipigilia marehemu baba mkwe, aliyekuwa seremala. Miaka saba iliyopita, mwezi mmoja tu baada ya harusi, Milimita aliitwa aweke vigae kwenye chumba cha juu, ili mama apate sakafu ya kupiga deki. Sasa, fundi yeyote anajua kwamba kigae hakibandikwi juu ya mbao tupu. Mbao hucheza. Hutanuka wakati wa mvua, husinyaa wakati wa jua, na mtu akizikanyaga hubonyea. Kigae hakijui kubonyea. Ni lazima kwanza itandikwe plaiwudi nene na kukazwa kwa skrubu mpaka sakafu itulie, ndipo gundi ipakwe. Milimita alilijua hilo vizuri kuliko alivyolijua jina la babu yake.

Alifungua mdomo aseme. "Mama, hizi mbao..."

"Alizipiga marehemu kwa mkono wake," mama mkwe alisema. "Zina nini?"

"Hazina kitu, mama. Nzuri sana."

Akabandika. Mwanamume mwenye mwezi mmoja kwenye ndoa hasimami mbele ya mama mkwe akamwambia kwamba kazi ya marehemu mumewe haifai. Afadhali ardhi ipasuke immeze. Baada ya miezi mitano kigae cha kwanza kikaanza kugonga kila kilipokanyagwa. Milimita akaja na kopo la gundi, akakibandika upya, akasema ni hali ya hewa. Kikafuata cha pili, kisha cha tatu. Kwa miaka saba hali ya hewa ilibeba lawama zote, na mama mkwe hakuuliza swali hata moja, jambo ambalo Milimita alilihesabu kuwa baraka. Wahenga walisema mficha maradhi kifo kitamuumbua. Kuhusu mficha sakafu hawakusema lolote, naye akachukua hiyo kuwa ruhusa.

Mwaka huu mkewe alishika mimba, baada ya kungoja mpaka watu wakaacha kuwauliza. Ilipofika miezi minane daktari akaagiza apumzike mahali penye mtu wa kumwangalia, naye akaenda kwa mama yake, chumba kile kile cha juu. Siku ya tatu, akienda bafuni, kigae kikateleza chini ya mguu wake. Alidaka fremu ya mlango. Hakuanguka. Alikaa kitandani, akampigia mumewe simu.

"Njoo ung'oe hii sakafu yote," alisema. "Usije na lile kopo lako."

"Mama atauliza kwa nini naing'oa yote."

"Mwambie."

"Nimwambie nini sasa?"

"Mume wangu, mimi hapa nina mtoto mmoja tumboni. Usinifanye nilee wawili."

Simu ikakatwa. Milimita akabaki ameishika. Tusizunguke: alimpenda mama mkwe wake. Mama yake mzazi alifariki akiwa mdogo, na huyu alimpokea kama aliyemzaa, akimwekea chakula bila kumuuliza kama ana njaa. Akimwambia kwamba alijua tangu siku ya kwanza na akamtazama usoni akadanganya, mapenzi hayo yanaweza kuishia hapo. Asipomwambia, mkewe ataanguka. Aliyapima mambo hayo mawili usiku kucha, na hayakuwa ya kupimwa.

Jumamosi asubuhi mkewe aliteremshwa polepole, akalazwa kwenye kochi la sebuleni. Milimita akapanda juu, akapiga magoti, akaanza kugonga kigae kimoja kimoja kwa mpini wa bisibisi. Kigae kilichoshika hutoa sauti nzito. Kilichoachia hulia kama kopo tupu. Vigae vilikuwa tisini. Sabini na kimoja vililia kama makopo. Kumi na tisa vilishika imara kabisa.

Hao kumi na tisa walimfariji. Kwa sababu alivipenda alianza kuvifikiria kama watu, na hatumlaumu. Angalau mama ataona kwamba mkono wake haukuwa mbovu, kwamba juu ya mbao mbaya vile bado aliweza kushikisha vigae kumi na tisa. Akaanza kupanga maneno kichwani: ataanzia hapo, kisha taratibu ashuke kwenye ule ukweli wenyewe.

Aliingiza patasi chini ya kimojawapo. Kikakataa. Milimita akatabasamu. Akagonga tena, kikakataa tena, naye akazidi kujivunia. Mara ya tano kikatoka pamoja na kibanzi cha ubao, na chini yake hapakuwa na gundi yake ya kijivu. Palikuwa na kitu cha rangi ya asali, kinachovutika kama mpira. Akakinusa. Ilikuwa gundi ya viatu.

Akang'oa cha pili: gundi ya viatu. Cha tatu pia. Milimita akakaa chini. Gundi ya viatu huvutika, na mbao zikicheza, nayo hucheza nazo, ndiyo maana vigae hivyo havikuachia. Katika chumba kizima, kazi yote iliyosimama ilikuwa ya mtu mwingine.

"Hivyo ungeviacha," sauti ilisema mlangoni. "Hivyo havina neno."

Mama mkwe alikuwa amesimama na kikombe cha chai aliyomletea.

"Mama, hivi nani alivibandika?"

"Mimi."

"Na hii gundi?"

"Kwa mshona viatu wa pale kona. Anadhani nina viatu vingi."

Milimita aliweka patasi chini. "Kwa nini hukuniita, mama?"

"Nikuite mara ngapi?" Aliweka kikombe sakafuni, kikayumba, akakihamishia dirishani. "Umemwoa binti yangu, kazi yako vigae. Majirani wakipanda huku wakasikia sakafu inagonga, watasema mkwe wangu hajui kazi. Kesho hakuna wa kukuita, na mwanangu atakula nini? Nikasema, wenzangu wamejaliwa wakwe walevi, mimi nimejaliwa mkwe asiyejua kazi. Nitamsitiri."

Na hapo hapo shetani akamnong'oneza Milimita jambo la busara kabisa: kubali tu kwamba hujui kazi, mambo yaishe. Ilikuwa njia rahisi mno. Angepoteza sifa ya ufundi, abaki na mama. Chini, mkewe akakohoa.

"Kazi naijua, mama," alisema. "Hizi mbao hazibebi vigae mpaka zitandikwe plaiwudi. Nilijua siku ile ile ya kwanza. Niliogopa kukwambia, kwa ajili ya marehemu."

Mama mkwe alimtazama. "Ulijua."

"Nilijua."

"Siku ile uliponiambia nzuri sana."

"Ndiyo, mama."

"Marehemu mwenyewe alikuwa hazipendi mbao hizi," alisema taratibu. "Alizipiga haraka haraka, mvua inakuja na paa bado. Mpaka anakufa alikuwa anasema atazirudia. Ungeniambia siku ile, ningecheka tu."

Lakini hakucheka. "Miaka saba mimi napiga magoti hapa. Nafunga mlango mwanangu asinione, nanusa gundi mpaka kichwa kinaniuma, nasitiri aibu ambayo haipo. Kumbe ulikosa maneno mawili! Vigae si kitu. Kilichoniuma ni kwamba uliniona mtu asiyeambilika."

"Nisamehe, mama."

Mama mkwe akashuka, ngazi moja moja. Milimita akaendelea kung'oa, kwa sababu mikono yake haikujua kufanya kingine. Alilia kidogo, na kwa bahati kulikuwa na vumbi la kusingizia.

Alikuwa kwenye mstari wa nne aliposikia ngazi tena. Mama mkwe aliingia na mto wa zamani, umechakaa mahali pawili, kila goti na shimo lake. Akautupa karibu naye, akapiga magoti, akachukua patasi ya pili na nyundo.

"Mama, kazi hii si yako, kapumzike..."

"Kwenye sakafu hii nimepumzika lini?" Akaipachika patasi kwenye ukingo wa kigae. "Ukiona nakosea, sema."

Milimita akatazama. Mama alikuwa ameisimamisha patasi wima, ncha katikati ya kigae. Pigo moja na vipande vingemrukia usoni. Milimita akaangalia mlango, akaangalia nyundo ikipanda.

"Mama, unakosea," alisema. "Ilaze. Hivyo itakurukia machoni."

Nyundo ikasimama hewani. Mama mkwe akageuka, akamtazama kwa muda ambao kwa Milimita ulitosha kukausha saruji. Kisha akailaza patasi, akagonga mara mbili, na kigae kikatoka kizima.

"Haya," alisema. "Umekufa?"

"Sijafa, mama."

"Basi kumbe inawezekana. Sogea, unanizibia mwanga."