Mikaratusi ya Pudentienne

Pudentienne alijiona mkombozi wa wanawake kila alipovaa miwani. Mwaka ule wa 1991 alikuwa akifundisha Kiingereza Kigali, na chama cha walimu wanawake kilimwomba azungumzie riwaya moja ya Kiingereza iliyolaaniwa na maaskofu wa hukohuko ilikoandikwa. Ndani yake kabaila anakausha kinamasi cha mkewe ili apande misonobari, na mke anavua nguo zote mbele ya kanisa. Watu walizipigia kelele nguo. Pudentienne alikuwa na hoja nyingine: mkono unaomnyang'anya mwanamke ndio huohuo unaoikausha ardhi. Aliipenda hoja hiyo mno, akamweleza hata muuza mkaa.

Ijumaa mdogo wake Béatha alikuja kutoka Ndera, mtoto mgongoni. Alikuwa ameachika tangu msimu wa mtama, na kwa desturi binti anayerudi kwao hupewa ingarigari, kile kipande cha ardhi ambacho ukoo humwekea akiba. Kipande kilikuwepo. Ila Pudentienne, mwenye mshahara na mume, alikuwa amekiomba kwa kaka yao wakati hakuna binti aliyeachika, akakijaza mikaratusi ya kuuza nguzo.

"Dada, ile miti yako iko nakunywa maji yote," Béatha alisema. "Hata kisima ya chini imekauka. Nitapanda maharage wapi?"

"Vumilia kidogo, ikomae. Miti ni mazingira, Béatha."

Alilisema hilo bila kupepesa macho, akarudi kunoa hotuba yake.

Kesho yake ukumbi ulijaa. Alisoma vizuri, kabaila alichambuliwa asibaki hata na leso ya kujifutia jasho. Béatha alikuwa amekaa nyuma, akinyonyesha, akimgusa jirani begani: "Huyu ni dada yangu. Tumbo moja." Uso wake ulijaa fahari tupu, bila kijembe chochote, na Pudentienne aliona aibu.

Mwalimu mmoja akauliza kama kabaila wa namna hiyo yupo Rwanda. Jibu lilikuwa tayari kwenye karatasi, nalo lilihusu wanaume. Akaikunja.

"Yupo," alisema. "Amepanda mikaratusi kwenye ingarigari ya mdogo wake kule Ndera. Ana miwani, na leo amevaa viatu vipya vinavyombana."

Watu walitazama viatu. Wengine walicheka wakidhani ni utani, na kwa kweli angependa uwe utani.

"Béatha, Jumatatu nakuja na shoka."

Béatha alimhamishia mtoto bega la pili. "Shoka haitoshi, dada. Ukikata tu, inachipuka tena. Kuja na jembe, tung'oe mpaka mizizi."

Pudentienne, ambaye hakuwa ameshika jembe tangu aolewe, akasema sawa.