Sahani Mbili za Mama Uji

"Mama Uji, umesahau dawa ya pili," mkuu wa maabara alisema, akimsogezea sahani usoni. Juu ya rojo lililoganda palitapakaa vidoa vyeupe vya bakteria.

"Sijasahau."

Kwa miaka ishirini na miwili alikuwa akipika chakula cha bakteria katika hospitali ile, na ndiko lilikotoka jina lake. Alichemsha, akapoza mpaka sufuria ishikike kwa kiganja, ndipo akatia dawa ya kuua bakteria, kwa maana rojo la moto huiharibu. Wenzake walimtania kwamba wageni wake hula bila kusema ahsante, naye akicheka nao. Leo hakucheka. Mkuu alikuwa ameshataja umri wake, kisha akataja kumhamishia kwenye kazi ya kupiga deki.

Kundi moja la bakteria lilihimili dawa ya kwanza tu, jingine ya pili tu. Mkuu alikuwa ameyachanganya, akayaacha pamoja kwa saa kadhaa, kisha akayapaka kwenye sahani yenye dawa zote mbili. Alitarajia yafe yote.

Mama Uji alifungua friji. Kila alipopika, aliweka sahani mbili za akiba bila kuagizwa na mtu.

"Hizi ni za sufuria ileile. Paka kila kundi peke yake, tuone nani kazeeka."

Mkuu akapaka.

Kesho yake sahani zote mbili zilikuwa safi, hazina hata kidoa. Mkuu alizigeuza, akazigeuza tena, akavuta kiti akaketi.

"Dawa zimo zote. Nimekukosea, mama. Nisamehe."

"Yameisha. Sasa hawa wa jana wameponaje?"

"Wamepeana. Mmoja hutoa kitu kama uzi, humvuta mwenzake, kisha humpa nakala ya siri yake ya kuishinda dawa. Na yake anabaki nayo."

"Hata kama si ndugu?"

"Hata kama si wa ukoo mmoja."

Mama Uji aliibeba sahani ya jana hadi dirishani. Alijua vilivyo jinsi wadudu hawa wanavyotesa watu wodini, na bado moyo wake uliwastahi.

"Hodari nyinyi," aliwaambia.

Kisha akaitia sahani katika sufuria ya presha ya kuulia vijidudu, akakaza kifuniko kwa mikono yote miwili, akasimama palepale akingoja mvuke.