Jina Moja Lililobaki Kichwani mwa Uulkan

Farasi alimwangusha Uulkan wakati wa kushusha kondoo kutoka malisho ya kiangazi, kichwa kikakutana na jiwe. Akalala siku arobaini. Alipoamka miguu ilikuwapo, kicheko kilikuwapo, ila majina ya watu yalikuwa yameruka kama shomoro. Daktari wa wilaya, ambaye hata usoni hakumtazama, akaandika: "Hafai kazi." Maneno mawili! Huu mwaka wa tatu, na sisi tusioanguka popote hatujayasahau.

Asubuhi moja akina mama wa kazi ya sufu walijaa uani kwa baba mkwe wa Uulkan. Sufu ilikwishatandazwa juu ya jamvi la matete, ikamwagiwa maji ya moto, jamvi likaviringishwa kama gogo. Ilibaki kulisukuma kwa mateke, huku na huku, mpaka sufu ishikane iwe zulia. Na mateke hayaendi bila mwitaji: yeye anaita jina, mwenye jina anapiga. Miaka kumi na mmoja mwitaji alikuwa Uulkan. Leo aliitaka nafasi yake.

"Keti utumiminie chai, mpenzi," alisema Batma, mwenyekiti wao, kwa sauti ya kubembeleza mgonjwa. "Utaitaje watu usiowajua?"

"Watu nawajua. Majina ndiyo siyajui."

Seyil, wifi yake Uulkan, akaangua kicheko. "Batma, acha hizo! Umeolewa miaka thelathini, umewahi kumtaja baba mkwe wako kwa jina? Si unamwita Mwenye Ndevu? Wake wote wa bonde hili tunaishi kwa lakabu, mbona hatujaandikiwa vyeti?"

Batma akamsogezea Uulkan kigoda. "Haya. Duru moja. Akikwama, birika lile pale."

Uulkan akapanda kigodani.

"Mkoromaji!"

Batma akapiga teke kabla hajakumbuka kukasirika.

"Mla Jamu! Kisigino Kikavu! Wifi Asiyenyamaza!"

Gogo likashika mbio. Wakapiga huku wakilia kwa kicheko. Mmoja kiatu kikamruka hadi zizini, akawa Kiatu Kimoja papo hapo. Uulkan alihisi kichwa chepesi, kitamu, kama mtoto anayebembea. Ulimi ukalewa mwendo, ukachopoa kilichokuwa karibu, na kumbe lilikuwa jina kamili, zima, linang'aa:

"Kasymaly!"

Gogo likasimama. Baba mkwe! Jina ambalo mkazamwana halitamki hata akiwa peke yake na ng'ombe. Mlango ukalia, mzee akatoka na bakuli lake la chai.

"Nani kaniita?"

Uulkan alilitazama birika. Basi, limekuwa langu, aliwaza.

"Mimi, baba. Nisamehe. Ndilo pekee lililobaki humu."

Mzee akamkazia macho. Kisha mabega yakaanza kumtikisika. "Miaka kumi na tisa unaniita Yule wa Mlangoni! Nikadhani jina langu hulijui kabisa." Akamgeukia mwenyekiti. "Shika bakuli, Mkoromaji."

Akapandisha suruali, akajipanga katikati ya wanawake, mahali ambapo hatujapata kumwona mwanamume.

"Mwitaji, nimeitwa na sijapiga. Ita tena!"

Uulkan akavuta pumzi mpaka kisiginoni, akaita mpaka mbwa wa jirani wakajibu.

Chai ya siku hiyo aliimimina Batma.