Ulimi wa Mama Mkwe

Fundi wa magauni alikuwa mjane wa miaka mingi, na ulimi wake ulikuwa mkali kuliko mkasi wake. Alishonea katika chumba kimoja na mkwe wake, mke wa mwanawe wa pekee. Binti huyo alipougua tena UTI, maambukizi ya njia ya mkojo, mama mkwe alimrukia mbele ya wateja:

"Ugonjwa huo haudondoki kutoka darini. Mwenye nao anajua alikoutoa!"

Wateja wakainamisha nyuso. Mkwe aliendelea kukanyaga cherehani.

Haikupita muda, mjane naye akaanza kwenda haja kila mara, na kila mara ni vitone tu vinavyochoma kama pilipili. Alijikaza kisabuni. Homa ilipompanda na kiuno kukataa kunyooka, ni mkwe huyohuyo aliyemshika mkono hadi zahanati.

Mkojo ukapimwa. "Mama, una UTI," daktari akasema.

"Mimi? Nimeitoa wapi, na mume wangu yuko kaburini?"

"Tumboni mwako mwenyewe. Ni bakteria wa utumbo. Njia ya mkojo ya mwanamke ni fupi, kwa hiyo hawakawii kufika kwenye kibofu. Wana vinyweleo vyenye ncha za kunasa. Wanang'ang'ania ukuta wa kibofu, mkojo ukipita hauwasombi. Wengine hupenya ndani ya ukuta wenyewe wakajificha, ndiyo maana mtu anapona, halafu ugonjwa unamrudia. Si kipimo cha tabia ya mtu."

Mkwe alisimama kando ya mlango, ameshika mkoba wa mama yake mkwe. Mjane alitamani ardhi ipasuke immeze.

Alipopata nafuu wakarudi kazini. Mteja mmoja, aliyekuwepo siku ya matusi, akauliza, "Mlifunga, kulikoni?"

"Presha tu," mjane akajibu.

Cherehani ya mkwe ikasita kidogo, kisha ikaendelea. Uso wa mjane ukawaka moto. Akaweka mkasi chini.

"Nimedanganya. Nilikuwa na UTI, ileile ya huyu binti. Nilimvua nguo hapa mbele yenu, naye hana kosa lolote."

Mteja akakohoa, akajifanya anakagua vifungo.

"Nisamehe, mwanangu."

"Nimekusikia, mama," mkwe akajibu bila kuinua macho. "Dawa zako umeze mpaka ziishe."

Jioni walifunga mlango wakaenda nyumbani, mmoja mbele, mwingine nyuma.